Windows, Mac au Linux? Tuweke Usimba na Uyanga pembeni kwanza

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya usalama ya bure, simu yangu haipumziki. Watu wananiuliza swali lile lile kwa namna kumi: "Kaka, kompyuta yangu inapiga mzigo vizuri tu, mbona inaniambia muda wake umekwisha? Ninunue nyingine? Nihamie Linux? Au nijikamue ninunue Mac kama fulani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote hapa. Mtu akiniuliza tena, namrusha huku.

Niseme mapema kwamba mimi si mhandisi wa kompyuta. Nina sekretariati Morogoro mjini, jirani na chuo, yenye kompyuta nne, printa mbili na mashine moja ya fotokopi yenye tabia zake. Kazi hii nimeianza enzi za Windows 98. Ninachokijua nimekijua kwa kuharibikiwa, tena mara nyingi kazi iliyoharibika ilikuwa ya mteja, si yangu. Kwa hiyo ukija hapa kutafuta nani mbabe utaondoka mikono mitupu.

Tuanze na msingi, maana kuna watu wanadhani Windows ndiyo kompyuta yenyewe. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamka kwanza ukiwasha mashine, inasimamia kumbukumbu, diski, skrini, printa na programu nyingine zote. Word si mfumo endeshi, ni programu inayokaa juu yake. Hapa ndipo penye fundo lote: programu iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja kwa kawaida haifungui kwenye mwingine mpaka walioiandika waitengenezee toleo la huko. Mtu akikuambia "hamia Linux", swali lako la kwanza lisiwe Linux ni nzuri au mbaya. Jiulize kazi yako inaendeshwa na programu gani, na je, hiyo programu ipo huko unakoambiwa uhamie.

Windows ni ya Microsoft. Inaingia kwenye kompyuta za kampuni nyingi tofauti, ndiyo maana unaikuta kila kona. Mac ni kompyuta ya Apple, mashine na mfumo vinatoka nyumba moja, na ya kwanza ilitoka mwaka 1984. Linux ilianza mwaka 1991 na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akiwa bado mwanafunzi Helsinki. Alichoandika yeye ni kiini tu. Vifaa vingi vya kukizunguka vilikuwa vimeshaandaliwa na mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983 kwa msimamo kwamba mtumiaji awe na haki ya kuona jinsi programu ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumpa jirani nakala. Ndiyo tunayoiita programu huria. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuchukua na kutengeneza yake, zikazaliwa Linux za aina nyingi: Debian, Ubuntu, Mint na nyingine chungu nzima. Mgeni akifika anaona kama amekwenda kununua nyanya akakuta soko zima ni nyanya.

Sasa kuhusu ushabiki. Jamani, watu wanagombana! Mwaka 1994 mwandishi wa Kiitalia Umberto Eco aliandika kwa utani kwamba Mac ni Wakatoliki na DOS ni Waprotestanti. Sisi huku tungesema Simba na Yanga tukaelewana haraka zaidi. Mtu wa Mac anakuangalia mashine yako kama anaangalia kiatu kilichopasuka. Mtu wa Linux hawezi kula wali bila kukukumbusha kwamba Windows ina virusi. Mtu wa Windows naye anawaona wote wawili wana majivuno, huku yeye mwenyewe anatumia nakala aliyoipata kwenye CD ya mtaani.

Kinachonichekesha ni kwamba wakubwa wenyewe hawana ugomvi wa hivyo pale pesa inapohusika. Mwaka 1997 Apple ilikuwa hoi kifedha, na aliyeiingizia dola milioni 150 ni huyo huyo Microsoft. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, aliifananisha Linux na saratani. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Microsoft ikajiunga na Linux Foundation kama mwanachama, na leo inaikodisha Linux kwenye seva zake kama kawaida. Na wewe unayeapa hujawahi kugusa Linux, kama simu yako ni Android basi umeishika mkononi sasa hivi, maana kiini chake ni Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zile zinazopangwa kwenye orodha ya Top500, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux.

Nami nilikuwa shabiki, sikatai. Ngoja niwape kisa.

Mwaka 2009 alikuja binti mmoja wa mwaka wa tatu na flashi yake, anataka kuprinti tasnifu, mwisho wa kukusanya ni kesho saa sita mchana. Tukachomeka. Ndani hakuna kitu, kuna vijifaili vya njia ya mkato tu, ukibofya hakifunguki. Ile ilikuwa miaka ya virusi vya flashi, kile kirusi cha Conficker kilikuwa kimetokea Novemba 2008, na Windows za wakati huo zilikuwa na tabia ya kufungua kitu chenyewe mara ukichomeka flashi. (Microsoft waliizima tabia hiyo kwenye XP na Vista kwa marekebisho ya 2011, baada ya watu kulia sana.) Yule binti alikaa chini sakafuni. Hakulia, alikaa tu. Mimi nilikuwa najua moyoni kwamba huenda hicho kirusi amekichukua hapa hapa kwangu wiki iliyopita.

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha sita na alikuwa ameletewa CD ya Ubuntu kwa posta kutoka ng'ambo (walikuwa wanatuma bure kabisa, utaratibu ule ulikoma 2011), akasema, "Mjomba, nipishe." Akaingiza CD, akawasha kompyuta kutoka kwenye CD bila kugusa Windows, akachomeka flashi. Mafaili yote yapo! Kumbe kirusi hakikuwa kimefuta kitu, kilikuwa kimeyaficha tu kwa alama ambayo Windows inaiheshimu na Linux haina habari nayo. Tulinakili, tukaprinti, binti akakusanya.

Basi kesho yake nikaokoka. Nikaweka Ubuntu kwenye kompyuta zote, nikawa nahubiri kwa kila mteja. Wiki tatu.

Wiki ya nne akaja mzee mmoja na ripoti ya mradi ya kurasa themanini na kitu, ameiandika kwenye Word nyumbani. Tukaifungua kwenye OpenOffice, tukaprinti, tukamfungia kwa jalada zuri. Akarudi jioni amefura. Majedwali yalikuwa yamesogea, orodha ya yaliyomo inasema sura ya tatu iko ukurasa wa 31 wakati iko wa 34, na mchoro mmoja umeingia juu ya maandishi. Ilikuwa imeshapelekwa kwa wafadhili. Nilirudisha hela na nikapoteza mteja, kwa sababu sikumwambia kwamba naifungulia kwenye programu nyingine. Kosa halikuwa la Linux wala la Windows, lilikuwa langu. Nilikuwa nimemchagulia yeye timu bila kumuuliza.

Tatizo lile naomba nilieleze vizuri kwa sababu mpaka leo ndilo linalowakwamisha wengi. Sehemu kubwa ni fonti. Faili ya Word kwa kawaida haibebi fonti ndani yake, inataja jina tu: "nipe Times New Roman". Kompyuta isiyo na hiyo fonti inaweka nyingine, herufi zinakuwa pana au nyembamba kidogo, mstari unavunjika mahali pengine, ukurasa unasogea, na kila kitu kinafuata. Dawa ipo. Fonti za Liberation, zilizotolewa 2007, zina upana ule ule wa Times New Roman, Arial na Courier New. Carlito inashika nafasi ya Calibri, na Caladea ya Cambria. Kwenye Linux ya sasa nyingi ya hizi zinakuja zimeshawekwa au unaziongeza kwa dakika mbili. Na ukimaliza kazi, itoe kama PDF, maana PDF inaweza kubeba fonti zake yenyewe. Mteja akija na PDF mimi sijali ametokea kwenye mfumo gani. OpenOffice yenyewe siku hizi achana nayo, chukua LibreOffice, iliyojitenga nayo mwaka 2010 na ndiyo inayoendelea kufanyiwa kazi kwa bidii.

Nikarudi Windows, tena ile ya kuchakachua kama wengi wetu. Hapa naomba tuseme ukweli. Hesabu nyingi za "Windows ni rahisi, Linux ni shida" hapa kwetu zimejengwa juu ya Windows ambayo hatukuilipia. Shida yake si dhambi tu. Anayekuwekea Windows iliyovunjwa mara nyingi huzima masasisho ili isije ikagundulika, na hapo mlango unabaki wazi. Mei 2017 kilipopita kirusi cha WannaCry, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo, mpaka hospitali za Uingereza zikakwama, dawa yake ilikuwa imeshatolewa na Microsoft tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Ukiendelea na Windows 10 leo bila masasisho, umejiunga na kundi lile kwa hiari yako.

Haya, tuje kwenye uchaguzi wenyewe.

Kama uko Windows 10, kwanza angalia kama mashine yako inakubali Windows 11. Masharti yanayobana watu ni mawili: chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na umri wa prosesa. Kwa Intel kwa kawaida inatakiwa kizazi cha 8 kwenda juu. Namna ya kujua: soma jina la prosesa. Ikiwa i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi, umekosa. Ikiwa i5-8250U, umepata. Hii inawahusu sana wanaonunua laptopu za mtumba Kariakoo, kwa sababu muuzaji atakuambia "ni Core i5 hii bosi" akaishia hapo. Core i5 ya kizazi cha 4 na ya kizazi cha 8 zina jina moja tu, mengine yote mbalimbali. Kuna njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyostahili, na mafundi wanazijua, lakini Microsoft wenyewe wanasema hawahakikishi kwamba itaendelea kupata masasisho. Kwa mashine ya biashara mimi siithubutu.

Ukishindwa hapo, Microsoft waliweka mpango wa kuongezewa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa mtumiaji wa nyumbani: unalipa dola 30, au hulipi kitu ila unakubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kupitia akaunti ya Microsoft. Wenye biashara bei yao ni nyingine, dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na inapanda maradufu mwaka unaofuata. Ule ni muda wa kujipanga tu, huwezi kujenga nyumba juu yake.

Windows inabaki pale ambapo programu yako haina pengine pa kwenda. Wahasibu wanaotumia Tally wanajua ninachosema. Wachora ramani wa AutoCAD wana Windows na Mac, Linux hakuna. Photoshop vile vile. Ukisikia kijana anakuambia "utatumia programu mbadala", muulize kama yeye ndiye atakayekulipia siku mbili za kujifunza na mteja anasubiri mlangoni.

Mac mimi sina, lakini shemeji yangu anapiga picha na video za harusi na anayo, na nimeishi nayo jirani vya kutosha. Tangu Novemba 2020 Apple wanatumia chipu zao wenyewe, zile M1 na wadogo zake, na kusema haki mashine zile zinakaa na chaji siku nzima na hazichemki. Umeme ukikatika shemeji anaendelea kuhariri, mimi nimekaa namwangalia. Ubaya wake ni kwamba kumbukumbu imejengewa humo humo, ukinunua ya GB 8 utakufa nayo ya GB 8, na ikiharibika fundi wa kawaida anaifungua kwa kutetemeka. Na jihadharini na huu mtego: kuna Mac za Intel za mtumba zinauzwa kwa bei ya kuvutia kweli. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba toleo la Tahoe, lililotoka mwaka huo huo, ndilo la mwisho kukubali Mac za Intel, tena ni chache tu zinazokubaliwa. Kabla hujatoa hela, bofya alama ya tufaha juu kushoto, fungua maelezo ya kompyuta. Ukiona neno M1 au zaidi, sawa. Ukiona Intel, punguza bei au ondoka.

Dogo jingine la Mac ambalo linaleta ugomvi kila siku dukani: diski iliyopangwa kwa mtindo wa Windows wa NTFS, Mac inaisoma lakini haiandiki juu yake. Watu wanadhani flashi imekufa. Panga flashi yako kwa exFAT, mifumo yote mitatu itaisoma na kuiandika. FAT32 ya zamani nayo inasomeka kote, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4, ndiyo maana video ya harusi inagoma kuingia.

Linux sasa. Kwa mgeni nashauri Mint, toleo la Cinnamon, kwa sababu menyu iko chini kushoto pale pale ulipoizoea na mama yangu mdogo aliitumia siku nzima bila kujua si Windows. Inaridhika na GB 4 za kumbukumbu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaijaribu kabla ya kuoa: unaiandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, diski yako haijaguswa. Hapo jaribu vitu vitatu kwa utaratibu, WiFi, sauti na printa. Hasa printa! Printa nyingi za HP zinakubali bila maneno. Lakini nina printa yangu moja ya leza ambayo nimehangaika nayo jumapili mbili mfululizo, nikashindwa, na mpaka kesho kwenye Linux ni pambo. Ukiridhika ndipo uisimike, na kabla ya kusimika nakili mafaili yako yote kwenye diski nyingine. Narudia, yote. Fundi akikuambia "hakuna kitakachopotea", mwambie sawa, halafu nakili.

Wapo watakaouliza habari ya Kiswahili. Watu wa programu huria ndio waliowahi: mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, waliyoiita Jambo, mwishoni mwa 2004. Microsoft nao wakaja na kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Niliweka vyote viwili dukani kwa zamu. Wateja walicheka, wakasoma menyu kwa sauti, wakabishana puku na kipanya ni kitu kimoja au viwili, Mkenya mmoja akaleta tarakilishi yake, halafu wakaniomba nirudishe Kiingereza kwa sababu chuoni wanafundishwa kwa Kiingereza. Iliniuma kidogo. Shule zikianza na Kiswahili kwenye kompyuta hayo mabishano yatakwisha yenyewe, lakini sekretariati moja haiwezi kuibeba hiyo.

Kwangu mimi hali iko hivi. Kati ya kompyuta nne, tatu hazikustahili Windows 11. Mbili nimeziwekea Mint na LibreOffice, ndizo wanazokaa wanafunzi kuandika na kuperuzi, na tangu niziweke sijaona flashi hata moja ikitoka humo na virusi vya njia ya mkato. Ya tatu imebaki na Windows 10 ila nimeichomoa kwenye intaneti kabisa, kazi yake ni kuihudumia ile printa ya leza yenye kiburi. Ya nne nimenunua mtumba wa kizazi cha 8, ina Windows 11 na leseni halali, Word halisi, na hapo ndipo kila tasnifu inapita mara ya mwisho kabla ya kuprintiwa, mwenyewe akiwa amekaa pembeni anaangalia kurasa zake.

Mpwa wangu siku hizi anasimamia seva za Linux huko Dar. Alikuja sikukuu, akaiona hiyo ya nne, akasonya. "Mjomba umerudi Misri." Kesho yake asubuhi nikamkuta amekaa hapo hapo anarekebisha CV yake, eti aliyetangaza kazi anataka faili ya Word na anaogopa isije ikasogea.

Anayetaka kujaribu Mint aje na flashi tupu ya GB 8, nitamwandikia bure, asiingie gharama ya kushusha hizo GB karibu 3. Njooni asubuhi kabla ya saa nne, wanafunzi hawajajaa. Na kama kuna mdau aliyefanikiwa kuitiisha printa ya leza iliyogoma kwenye Linux, aandike hapo chini alivyofanya, hatua kwa hatua, asiseme tu "kwangu inafanya kazi".